"Maziwa Yamekauka": Kinachokauka Hasa kwa Mama Anayenyonyesha Mtwara

Msimu wa korosho uliopita nilipita jioni kwa jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara mjini, nikamkuta amempakata mwanawe wa miezi 4, kikombe cha uji mwembamba mkononi. Sikuwa nimeuliza kitu. Akaanza mwenyewe: "Dada, maziwa yamekauka." Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, macho kwa mtoto, kama mtu anayekiri kosa.

Niliketi kwenye mkeka, nikaacha habari ya uji, nikamwomba anisimulie siku yake tangu anapoamka. Huamka saa 10 alfajiri, humnyonyesha mtoto, kisha hupanda gari la shamba na wenzake kwenda kuokota korosho upande wa Nanyamba. Mtoto hubaki na binti wa dada yake mwenye miaka 11, ambaye siku hizo shule ameiweka pembeni. Mama hurudi saa 10 jioni. Hapo katikati, saa 12 nzima, ziwa halijaguswa na mtoto. Siku za mwanzo lilijaa mpaka kanga ikalowa. Akawa anajificha nyuma ya mkorosho, anakamua kidogo maumivu yapungue, anayamwaga mchangani. Wiki ya tatu kanga haikulowa tena. "Ndiyo yakakata," akasema.

Neno hilo, "yamekauka", nimelisikia sokoni, kliniki na kwenye daladala za Mikindani, na kwa muda mrefu nililiamini nami. Leo naona kwamba kwa wengi wetu huku Mtwara na Lindi kinachotangulia kukauka ni muda, pamoja na mikono ya kutusaidia. Maziwa hufuata baadaye. Ndiyo maana nataka tulifumbue fundo hili polepole, kwa sababu watu watatu wanaosema "msaidieni mama anyonyeshe" huwa wanazungumzia mambo matatu tofauti: mmoja ana maana ya nyumbani, mwingine ya wanawake wenzake, wa tatu ya kazini. Na fundo lenyewe limekaa hivi: ukilegeza upande mmoja na kuuacha mwingine, linakaza palepale.

Kisima cha mchangani

Tuanze na ziwa lenyewe, maana bila kulielewa, ushauri wote huishia kuwa kelele.

Wengi tunalifikiria ziwa kama ndoo: limejaa, limetumika, limekwisha. Mwenendo wake uko karibu zaidi na kisima kile cha kuchimba mchangani mto ukikauka. Ukichota, maji mengine yanatiririka kuingia. Ukikiacha siku mbili tatu bila kuchota, kinajifukia. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama hutoa homoni mbili. Prolaktini huagiza maziwa yatengenezwe, nayo hutoka kwa wingi zaidi usiku, ndiyo maana manyonyesho ya usiku yana thamani kubwa hata mama akiwa hoi. Oksitosini hubana vifuko vya maziwa ndani ya ziwa ili maziwa yasukumwe kuelekea kwenye chuchu. Hii ya pili huzuiwa kwa muda na maumivu, hofu na mawazo mengi. Halafu kuna jambo la tatu: maziwa yakikaa ziwani muda mrefu bila kutolewa, ndani yake kuna kinachoamrisha ziwa lipunguze kutengeneza.

Kwa hiyo mwili wa jirani yangu haukushindwa kazi. Ulitii. Ulipewa taarifa kwa wiki tatu kwamba mchana hakuna anayehitaji maziwa, ukapunguza. Na kwa upande wa oksitosini, mama anayesemwa, anayetishwa, asiye na hakika ya chakula cha jioni, maziwa anaweza kuwa nayo na bado yakachelewa kushuka. Ndipo naposema msaada si pambo la kuongezewa juu ya unyonyeshaji. Unaingia moja kwa moja kwenye utengenezaji wa maziwa, kama vile maji yanavyoingia kwenye unga wa ugali.

Ushauri wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF unafahamika: mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, apate maziwa ya mama pekee bila hata maji kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Hapa nchini, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika utafiti wa 2015/16. Ni hatua ya kujivunia. Lakini takwimu hiyo inachanganya kichanga wa wiki 1 na mtoto wa miezi 5. Wale wa mwanzo wengi wananyonya tu. Kadiri umri unavyosogea, idadi inashuka. Mama anapotoka ndani kurudi shambani, pwani, sokoni au ofisini, hapo ndipo kamba inakatika.

Likizo ya uzazi ya bibi zetu

Kabla hakujawa na sheria ya kazi, palikuwa na arobaini. Mzazi anakaa ndani siku 40. Hapiki, hateki maji, haendi shamba. Anakandwa kwa maji ya moto, anapikiwa uji na supu ya samaki, mtoto anaogeshwa na wengine. Wapo wanaoona arobaini kama mambo ya kizamani. Mimi naiheshimu sana, na fiziolojia inaniunga mkono: wiki 4 hadi 6 za mwanzo ndizo ambazo ziwa hujifunza litengeneze kiasi gani. Bibi zetu hawakuwa na neno prolaktini, lakini walijua mzazi anatakiwa kukaa na mtoto wake na kazi nyingine zishikwe na watu wengine.

Kinachonisikitisha ni kwamba arobaini siku hizi tunaifanya nusu. Jina limebaki, mikono imepungua. Wifi yuko Dar es Salaam, mdogo mtu anasoma bweni, mama mzazi yuko Tandahimba na shamba lake. Mzazi anabaki ndani na mtoto, ila siku ya 10 anapika mwenyewe na siku ya 15 anabeba ndoo. Ukiwa juu kule kwenye uwanda wa Makonde, Newala na vijiji vyake, ambako maji yamekuwa shida ya vizazi na vizazi, ndoo moja si jambo dogo. Mama akitumia saa 2 kufuata maji, saa hizo zimetolewa kwa mtoto. Mume anayechukua madumu akayapakia kwenye baiskeli amefanya zaidi ya kuchota maji. Amenyonyesha, kwa namna yake.

Hapa inabidi nimseme bibi, na ninamsema kwa mapenzi. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, na bibi mzaa mama ana sauti kubwa juu ya kichanga. Mara nyingi yeye ndiye anayemwogesha, na ndiye anayejua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Mikono hiyohiyo ndiyo inayompa mtoto kijiko cha maji. Mwezi wa 11 na wa 12 joto la Mtwara linapokaba koo, anamtazama mtoto midomo imekauka, anasema: "Huyu ana kiu, kwani ni jiwe?" Na chango likimkereketa, atachemsha mizizi yake.

Ukimwambia tu "nesi amekataza", umempa sababu ya kumdharau nesi. Mimi nilimweleza mama yangu hivi: maziwa ya mama karibu asilimia 88 ni maji. Mtoto mwenye kiu ananyonya mara nyingi zaidi, kifupikifupi, na yale maziwa ya mwanzo ya nyonyo ni mepesi kwa sababu hiyo. Kijiko cha maji kinajaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, ziwa linapokea taarifa ya kupunguza, na maji yenyewe yanaweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Alinyamaza muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo anayetakiwa kunywa maji ni wewe?" Kuanzia siku hiyo kila nilipokaa kunyonyesha alinisogezea kata la maji. Jambo lile lile, kiu ya mtoto, alilitafutia kazi nyingine ya kufanya. Kwa hiyo kliniki inayomwita mama peke yake na kumwacha bibi nyumbani imezungumza na asiye na uamuzi.

Kuna maneno mengine yanayomvunja mama moyo, nayo yanatoka kwa watu wanaompenda. Moja ni kwamba maziwa yaliyokaa ziwani wakati mama yuko juani yamechacha, kwa hiyo akirudi ayakamue ayamwage kwanza. Hayachachi. Ndani ya ziwa hayaharibiki hata kama mama ametembea jua kali kutoka shambani; amnyonyeshe tu. Lingine ni kubemenda. Mtoto akidhoofika, mtaa unawatazama wazazi kwamba wamelala pamoja kabla ya wakati au baba ametoka nje. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto aliyedhoofika anahitaji kupimwa uzito, kuangaliwa malaria, kuharisha na namna anavyonyonya. Lakini mama akishaogopa kuambiwa amembemenda mwanawe, haendi kliniki mapema, anajificha. Nimeona mama akimfunika mtoto kanga mchana wa jua ili watu wasimtazame miguu ilivyo myembamba, na hakuna kilichoniuma kama kile.

Mwanamke mwenzio

Hatua 10 za kufanikisha unyonyeshaji, ambazo hospitali duniani zilipewa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 1989 na kuboreshwa 2018, zinaishia na jambo ambalo hospitali haiwezi kulifanya peke yake: mama anaporuhusiwa, awe na mahali pa kupata msaada baada ya hapo. Uwe umejifungulia Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda au Nyangao, kesho yake au keshokutwa utakuwa nyumbani. Maziwa hasa hujaa siku ya 2 hadi ya 4. Yaani shida ya kwanza inakukuta umeshatoka wodini.

Nilichochewa kuandika na utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2011, uliofanyika Burkina Faso, Uganda na Afrika Kusini. Wanawake wa kawaida wa mitaa ileile, waliofundishwa kwa muda mfupi, walipewa kazi ya kuwatembelea akina mama mara 5: mara 1 wakati wa ujauzito na mara 4 baada ya kujifungua. Mtoto alipofika wiki 12, Uganda asilimia 82 ya waliotembelewa walikuwa wakimnyonyesha maziwa pekee, dhidi ya 44 ya wasiotembelewa. Burkina Faso ilikuwa 79 dhidi ya 35. Afrika Kusini? Ilikuwa 10 dhidi ya 6. Hebu ikae kichwani hiyo. Ziara zilezile, maneno yaleyale, matokeo madogo. Wakati huo kule, maziwa ya kopo yalikuwa yakitolewa bure kwa akina mama wenye VVU kupitia huduma za serikali, na kopo lilikuwa limeshazoeleka hata kwa wengine. Mwanamke mwenzio ana nguvu kubwa, lakini hawezi kushindana peke yake na mazingira yaliyopangwa kinyume chake.

Anafanya nini hasa huyo mwenzio? Wengi hudhani anatoa mawaidha. Nilimtazama mmoja akiwa kazini, mama mtu mzima wa watoto 5, amekuja kwa mzazi wa siku 6 ambaye chuchu zimechanika mpaka analia kila mtoto akishika. Hakuhutubia. Alinawa mikono, akakaa ubavuni, akasema, "Mnyonyeshe nione." Alitazama kimya kama dakika moja. Mtoto alikuwa amegeuza shingo, ameshika ncha ya chuchu tu. Alikunja kanga mbili akaziweka chini ya mkono wa mama, akamgeuza mtoto tumbo lielekee tumbo la mama, akagusisha chuchu kwenye mdomo wa juu wa mtoto na kungoja. Mtoto akapanua mdomo kama anayepiga miayo. Hapo akamsogeza mtoto kwenye ziwa, siyo ziwa kwenye mtoto. Kidevu kikagusa ziwa, sehemu nyeusi ikabaki kuonekana zaidi juu kuliko chini. Kikasikika kile kisauti cha kumeza. Mzazi aliinua uso, machozi bado yanatiririka, akasema, "Haiumi." Ndani ya robo saa kazi ilikuwa imekwisha. Hicho hakimo kwenye bango lolote.

Jambo la pili analofanya ni kumpa mama kipimo kingine badala ya hofu. Karibu na wiki ya 3, wiki ya 6 na mwezi wa 3, mtoto anaweza kutaka kunyonya kila mara, hasa jioni, halali, analia. Mama anahitimisha kwamba hashibi. Mwenzio aliyepitia atamuuliza: anakojoa mara ngapi? Mara 6 au zaidi kwa siku, mkojo mweupe? Kadi ya kliniki mstari unapanda? Basi anashiba, anachofanya ni kuagiza maziwa ya wiki ijayo. Siku 2 au 3 za kuvumilia na kunyonyesha kila anapotaka, ziwa linaongeza.

Hili linawahusu hata akina mama wanaoishi na VVU. Anayetumia dawa zake kila siku bila kukosa, na mtoto akipewa dawa yake ya kinga na kupimwa kwa ratiba, anashauriwa anyonyeshe maziwa pekee miezi 6 kama mama mwingine. Kinachowaponza ni kujificha, kwa sababu mtu anayeficha dawa hukosa dozi. Kwao mwenzio aliyepita njia hiyo ni wa thamani mara mbili.

Huku kwetu hatuhitaji kuunda vikundi vipya. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, vikoba vipo karibu kila mtaa, na wanawake wanakutana kila wiki kuweka hisa. Kikoba kikiamua kwamba mwanachama aliyejifungua anapelekewa mtu wa kumwangalia anavyonyonyesha siku ya 3 na siku ya 10, kimefanya kazi ya maana kuliko kitenge cha pongezi. (Kitenge nacho kipelekwe, sikatai.)

Mfano ninaoupenda kuliko yote niliuona pwani ya Naumbu, kwa wanawake wa mwani. Mwani hautaki ratiba ya mtu, unafuata maji. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa sana kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na mwanamke anatakiwa awe ndani kufunga kamba na kung'oa magugu kwa saa 3 au zaidi. Siku ile niliwakuta watoto wachanga 4 chini ya mwembe, wamelazwa kwenye wavu wa zamani uliotandikwa kanga, na mwanamke 1 anawapepea. Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto wa miezi 2. Kwa zamu hiyo hakuingia majini, lakini kamba zake zilishughulikiwa na wenzake. Kila mama alinyonyesha kabla ya kushuka, na aliyesikia mwanawe anaitwa alitoka majini, akajisuuza kifua chumvi kwa maji ya dumu, akanyonyesha, akarudi. Kupwa na kujaa kunajulikana wiki kadhaa mbele, kwa hiyo zamu zilipangwa mwezi mzima. Hakuna aliyeniambia huo ni mradi. Waliniambia, "Sasa tungefanyaje?"

Saa 2 za sheria

Kwa aliyeajiriwa, kuna Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 33 kinampa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anaweza kuianza hadi wiki 4 kabla ya tarehe anayotarajia. Kifungu cha 34 kinampa baba siku 3. Mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama wa mtoto njiti aongezewe muda, jambo lililosubiriwa sana.

Piga hesabu sasa. Miezi 6 ni kama siku 180. Mama aliyeanza likizo siku ileile ya kujifungua anarudi kazini zikiwa zimebaki siku 96 za kunyonyesha maziwa pekee. Aliyeanza wiki 4 kabla anarudi mtoto akiwa na siku 56, hata miezi 2 hajatimiza.

Pengo hilo sheria imeliona. Kifungu kilekile cha 33 kinamtaka mwajiri amruhusu anayenyonyesha kumnyonyesha mtoto wake ndani ya saa za kazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Hakikutaja mtoto awe na umri gani, wala hakikusema saa hizo zitoke kwenye chakula cha mchana. Kinamkataza pia mwajiri kumpa mama huyo kazi inayohatarisha afya yake au ya mtoto.

Nilirudi kazini mtoto wangu akiwa na miezi 2 na nusu. Sitaitaja ofisi ile. Mkuu wangu aliniambia, "Saa ya chakula ipo, kanyonyeshe." Niliishi Naliendele. Kwenda, kusubiri daladala ijae, kurudi, hata saa 2 kamili zingeishia barabarani. Kwa hiyo nikawa nakamua kwenye stoo ya makaratasi, mlango usiofunga, mgongo nimeuegemeza mlangoni, sikio kwenye korido. Nimeeleza juu habari ya oksitosini. Katika hali ile matone yalikuwa ya kuhesabu. Nililia mara nyingi kuliko nilivyokamua.

Aliyeniokoa ni fundi cherehani mwenye kibanda hatua chache kutoka pale. Aliniona nimelowa blauzi akaniita bila kuuliza, akanionyesha kona nyuma ya pazia anapopimishia wateja nguo. Mama yangu mdogo akaanza kumleta mtoto kila siku saa 6 mchana. Mtoto ndiye aliyesafiri, mimi nikatembea hatua 40. Hapo nikaelewa kwamba saa 2 za sheria zina maana endapo mtoto yuko karibu, au mama anaruhusiwa kuzigawa: achelewe kuingia saa 1, atoke mapema saa 1. Vinginevyo ni haki iliyoandikwa ambayo miguu haiwezi kuifikia. Na mwajiri anayesema hana uwezo wa kujenga chumba, hakuna aliyemwomba jengo. Kiti, mlango wenye kitasa, ndoo ya maji ya bomba na sabuni, basi. Akikataa hata hivyo, njia ni chama cha wafanyakazi, afisa kazi wa mkoa, kisha Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini nakiri kwamba mama mwenye mtoto wa miezi 3 ni nadra kuwa na nguvu za kushtaki mtu. Mwenzake wa kazini anayesimama kwenye kikao na kulisema kwa niaba yake anamtua mzigo mkubwa.

Vipi kuhusu wanawake wa viwanda vya korosho, wanaoitwa msimu ukianza na kuachwa ukiisha? Wengi wanaambiwa sheria si yao kwa sababu ni vibarua. Si kweli kwa jumla hivyo. Kifungu cha 29 kinasema aliyefanya kazi chini ya miezi 6 hana likizo ya malipo, ila kinamtoa kwenye zuio hilo mfanyakazi wa msimu, na pia anayerudi kwa mwajiri yuleyule zaidi ya mara moja kwa mwaka endapo jumla ya muda wake inazidi miezi 6. Ni vizuri hili lisomwe kwa sauti getini.

Kubangua kuna jambo jingine. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi. Wabanguaji hupaka mafuta au majivu mikononi na bado vidole vinababuka. Mama akitoka mezani na kumshika mtoto, au kushika chuchu, mkono huo unakwenda kwenye mdomo wa mtoto. Anayenyonyesha ahamishiwe kwenye kuchambua na kupanga madaraja, na apewe sabuni na muda wa kunawa. Inapopangwa kongani ya viwanda vya korosho kama ile ya Maranje, huu ndio wakati wa kuchora chumba cha watoto kwenye ramani. Kuta zikishasimama, hoja itakuwa "hakuna nafasi".

Wengi wetu, hata hivyo, hatuna mwajiri. Mama anayeuza dagaa Feri, anayekaanga mihogo stendi ya Lindi, yeye ni bosi na kibarua wa nafsi yake. Kwake sheria ni meza ya jirani. Ikiwa wa meza ya pili anamuuzia dagaa kwa nusu saa bila kumkata kitu, huyo ndiye mwajiri mwema. Wengine huja na watoto wao, na jambo wanaloomba ni kivuli na mahali pa kukaa pasipo na macho. Soko lenye ofisi ya ushuru lina nafasi ya benchi moja nyuma ya pazia.

Kwa anayelazimika kumwacha mtoto nyumbani, akamue kwa mkono. Anawe, apapase ziwa taratibu, aweke kidole gumba juu na vingine chini ya sehemu nyeusi, asukume kuelekea kifuani kisha abane, aachie, arudie. Maziwa yakae kwenye chombo kilichochemshwa, chenye mfuniko. Kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 hukaa saa 4, na kwetu mchana huzidi hapo, kwa hiyo tusiyategemee mezani. Kwenye friji hukaa siku 4. Asiye na friji atumie deli lenye vipande vya barafu, kama vile vya wauza samaki, likiwa safi na la kazi hiyo tu. Barafu isipoyeyuka, yanafika saa 24. Mtoto apewe kwa kikombe kidogo au kijiko. Chupa ni ngumu kusafisha, na baadhi ya watoto wakiizoea hugoma kurudi ziwani.

Nirudi kwa jirani yangu. Nilimwambia kwamba maziwa yaliyopungua yanaweza kurudi mtoto akinyonya mara kwa mara, usiku na mchana, kwa siku kadhaa mfululizo. Akacheka kidogo, akauliza mchana atanyonyaje naye yuko Nanyamba. Lilikuwa swali sahihi, na halikuwa la kujibiwa na mimi. Alilipeleka kwenye kikundi chake cha waokotaji. Walikuwapo wengine 2 wenye vichanga. Wakamwendea msimamizi wa shamba, wakakubaliana watoto waje na gari, wakae chini ya mkorosho mmoja na bibi wa mmoja wao, na kila mama amkatie bibi huyo sehemu ndogo ya malipo yake ya siku. Binti wa miaka 11 akarudi shule.

Siku ya 9 alinigongea mlango asubuhi, hakusema neno, akanionyesha kanga ilivyolowa. Kikombe cha uji bado kipo, kwa siku ambazo bibi yule miguu inamuuma na hakuna wa kukaa na watoto.